Mate ya Mtoto Si Aibu ya Nyumba

(Hotuba iliyotolewa na mama mmoja mkazi wa Bugembe, Jinja, mbele ya wakazi wa kambi na wafanyakazi wa mashirika, katika maadhimisho ya Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, tarehe 3 Desemba. Kamati imeichapa kwa ombi la wengi waliohudhuria, na kwa faida ya wengi zaidi ambao hawakuweza kufika.)



Kwanza kabisa naishukuru Kamati kwa kunikumbuka. Mimi si mgeni hapa. Nilipokelewa katika kambi hii mwaka 2012, baada ya vita vya Rutshuru kutuvusha mpaka wa Bunagana na kutulaza Nyakabande kabla ya kupandishwa malori. Baadhi yenu tulipanga nao mstari mmoja wa unga, na wengine mlinisaidia kufyatua matofali ya nyumba yangu ya kwanza. Baadaye shemeji yangu alipata kibarua katika mashamba ya miwa upande wa Jinja, nasi tukamfuata. Sasa tunakaa Bugembe, kando ya ile barabara kuu iendayo Iganga. Ndipo yalipo makao makuu ya Ufalme wa Busoga, na tangu Julai 2020 Bugembe imehesabiwa kuwa sehemu ya Jiji la Jinja. Lakini nikiulizwa kwetu ni wapi, hapa napo napataja.

Nimeombwa nizungumze juu ya ulemavu wa watoto. Hilo ni jambo pana, na muda niliopewa ni mfupi. Kwa hiyo nimechagua jambo moja dogo ambalo halitajwi mikutanoni kwa sababu watu wanaona haya kulitaja. Nitazungumza juu ya mate. Nasema juu ya mtoto aliyekwisha kuacha ziwa, ambaye bado udenda unamchuruzika kidevuni tangu kucha hadi kuchwa.

Naona wengine mmecheka. Si kitu. Mimi nililia kwanza, ninyi mnacheka kwanza, tutakutana katikati.

Mwanangu alizaliwa katika safari ile ya 2012. Uchungu ulinishika siku mbili, hapakuwa na mkunga, na mtoto alipotoka hakulia. Alilia baada ya muda mrefu, sauti ndogo kama ya paka. Miezi ikapita, shingo haikukaza. Akafika mwaka mmoja hajakaa. Akafika miaka miwili, watoto wa rika lake wamekauka midomo na wanakimbia, yeye bado shati limelowa kifuani. Nikasema ni meno. Nikasema tena ni meno. Meno yakaota yote, mate yakabaki.

Siku moja nilihesabu. Tangu asubuhi hadi jioni nilibadilisha vitambaa kumi na sita na mashati manne. Mama zangu mnaochota maji kwa foleni mnajua maana ya hesabu hiyo. Ni jerikani nzima ya kufulia kila siku kwa ajili ya mtoto mmoja. Kipande cha sabuni cha mwezi kiliisha kabla ya tarehe kumi. Siku za mvua nguo hazikukauka, nikamvalisha mbichi, akapata kikohozi. Ngozi ya kidevu na shingo ilichubuka, ikawa nyekundu, ikatoa maji. Nzi wakamfuata. Na ile harufu ya mate yaliyokaukia kwenye nguo ikaingia katika mkeka, katika blanketi, na katika mgongo wa nguo zangu mwenyewe, kwa maana nilimbeba.

Lakini hayo yote yalikuwa kazi ya mikono, nasi wanawake tumezoea kazi ya mikono. Yaliyonivunja ni mengine.

La kwanza lilikuwa sahani. Nyumbani kwetu watoto hula pamoja kutoka sinia moja. Wenzake walianza kuvuta sehemu yao pembeni, kisha wakaomba wapakuliwe peke yao. Nami, Mungu anisamehe, nikaona ni rahisi kumlisha yeye mwisho, nyuma ya nyumba, watu wakiwa wamekwisha kula.

La pili lilikuwa dada yake. Alikuwa na miaka tisa. Nilipokwenda kulima kibarua nilimwacha amfute mdogo wake. Alikosa shule siku mbili kwa juma, kisha tatu. Hakuna aliyemwandika katika daftari la walemavu, wala hakuwa na ulemavu wowote, lakini mate ya mdogo wake yalimtoa darasani.

La tatu lilikuwa baba yake. Alimpeleka kwa kinyozi kabla ya sikukuu. Kinyozi alimtazama mtoto, akatazama shuka lake, akasema mashine imeharibika. Nyuma yao aliingia mtu mwingine, mashine ikapona. Baba yake hakugombana. Alirudi nyumbani, akanunua wembe na kitana, akajifunza kunyoa. Tangu siku ile amemnyoa yeye mwenyewe, na hakuwahi tena kumpeleka mahali penye watu.

La nne lilikuwa maneno. Mganga mmoja alituambia nilimruka nyoka wakati wa mimba, na mate hayo ni ya yule nyoka. Mwingine alisema tumfungishe siku tatu bila chakula wala maji. Nilimkatalia huyo wa pili. Ninawaomba sana, mtu yeyote akikuambia umnyime maji mtoto wa namna hii, ondoka hapo haraka. Mtoto anayetokwa na mate mchana kutwa anapoteza maji mwilini, na anahitaji kunywa kuliko mwenzake.

Ndugu zangu, tulipohamia Bugembe nilifanya kama nilivyozoea. Nilimweka ndani. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja Msoga. Watu wote walimwita Jaja, yaani bibi. Siku moja aliingia bila kubisha, akakuta mtoto amelala mkekani. Akaketi, akamnyanyua, akampakata. Mimi nikakimbilia kitambaa, nikawa naomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kiganda changu kibovu. Jaja hakunitazama. Alivuta ncha ya leso yake mwenyewe, akaiweka chini ya kidevu cha mtoto, akaendelea kuzungumza naye habari za kuku wake. Na mtoto alimtazama machoni, akacheka kwa sauti.

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Nilitambua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikimfuta mwanangu mara mia kwa siku, na kila mara nilitazama mdomo wake tu. Uso wake nilikuwa nimeuacha kuutazama.

Jaja ndiye aliyeniongoza kituo cha afya cha Bugembe, na huko nikaelekezwa mbele kwa wataalamu wa mazoezi. Sasa nataka niwape kwa ufupi yale niliyofundishwa, kwa sababu mimi niliyapata nikiwa nimechelewa.

Jambo la kwanza nililoambiwa lilinishangaza. Mtoto huyu hana mate mengi kuliko wengine. Kila mmoja wetu hapa hutengeneza mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Hatuyaoni kwa sababu tunayameza, mara nyingi sana kwa siku, hata bila kufikiri. Mtoto ambaye ubongo wake uliumia hawezi kuiamuru vizuri midomo ifunge, ulimi uyasukume mate nyuma, na koo limeze kwa wakati. Mate hujaa mbele ya mdomo, kichwa kikiinama yanamwagika. Kwa hiyo tatizo liko katika kumeza. Kumkaripia mtoto, kumpiga kidevu na kumwambia "funga mdomo" ni sawa na kumkaripia kiwete kwa kuchechemea.

Mtoto mchanga kutokwa na udenda ni jambo la kawaida, hadi mwaka mmoja na nusu au miwili. Akifika miaka minne bado analowa kila siku, si kawaida tena, na apelekwe akaangaliwe. Wengine ni pua iliyoziba, au mafindofindo makubwa yanayomfanya apumulie mdomo, au meno mabovu. Hao wanaweza kusaidiwa upesi. Wengine ni kifafa. Na wengine wengi, kama wangu, ni mtindio wa ubongo.

Msidhani watoto hawa ni wachache, au kwamba ni mkosi wa wakimbizi. Mwaka 2015 watafiti, akiwemo Daktari Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere, walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya za Iganga na Mayuge, jirani na sisi wa Bugembe. Waliona kwamba katika kila watoto 1,000 karibu 3 wana mtindio wa ubongo. Kwa takriban robo yao ubongo uliumia baada ya wiki za kwanza za maisha, kwa magonjwa kama malaria kali. Hao walizaliwa wazima. Kwa hiyo kuwahi matibabu ya homa kali, kujifungulia kliniki, na kumpeleka haraka mtoto mchanga mwenye manjano, yote hayo ni kinga.

Watafiti walirudi baada ya miaka minne. Walikuta kwamba watoto hawa walikuwa wamekufa kwa kiwango cha takriban mara 25 kuliko watoto wengine wa vijiji hivyo. Narudia, mara 25. Mate pekee hayaui. Lakini koo lile lile lisiloweza kumeza mate haliwezi kumeza uji vizuri pia. Chakula kikiingia njia ya hewa, huleta homa ya mapafu. Kulisha kukiwa kugumu, mtoto hukonda. Na mtoto aliyefichwa nyuma ya nyumba hapelekwi kliniki mapema anapougua. Ndiyo maana nasema aibu ya mate si jambo dogo.

Pia kuna wenzetu wa kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, ambako maelfu ya watoto walipatwa na ugonjwa wa kutikisa kichwa. Mtoto anaona chakula, kichwa kinaanza kuinama na kuinuka, mate yanamtoka, na baadaye kifafa kinakuja. Daktari Louise Jilek-Aall aliwaona watoto wenye hali hiyo kule Mahenge, Tanzania, tangu miaka ya 1960. Watu walisema ni mizimu ya waliouawa vitani. Lakini imeonekana kwamba ugonjwa huo unafuatana na usubi, ule unaoletwa na inzi weusi wa mito yenye maji ya kasi. Baada ya mito kupuliziwa dawa na watu kumeza dawa ya usubi mara mbili kwa mwaka kuanzia 2012, watoto wapya wenye ugonjwa huo walipungua sana. Laiti ingekuwa mizimu, dawa ya inzi isingefaa kitu.

Sasa nije kwenye mambo ya kufanya nyumbani. Nitayataja moja moja, na anayeweza kuandika aandike.

Moja, ni mkao. Mtoto akilala chali, au kichwa kikining'inia, hamezi vizuri. Mkalishe wima, mgongo umeegemezwa, miguu imekanyaga kitu, kidevu kimeshuka kidogo kuelekea kifuani. Baba yake alitengeneza kiti cha mbao chenye ubao mbele, kwa mabaki ya mbao za fundi. Wiki ya kwanza tu vitambaa vilipungua.

Mbili, ni namna ya kufuta. Usisugue midomo huku na huko. Kusugua kunachubua ngozi, na kunaamsha mate zaidi. Bonyeza kitambaa taratibu juu ya mdomo na kidevu, shikilia kidogo, inua. Kabla ya kufuta, mwambie: "Meza, mwanangu, kisha nikufute." Wangu alichukua miezi mingi, lakini leo nikigusa kidevu changu mwenyewe, anameza.

Tatu, ni vitambaa. Kata kitenge kizee au taulo kuukuu vipande vingi, vishonee kamba, umfunge kifuani ubadilishe kitambaa badala ya shati. Ukiweza, shona kipande cha nailoni katikati ili maji yasipenye. Usikaze kamba shingoni, na mvue anapolala. Vifue, vichemshe, vianike juani, na vipigwe pasi mahali penye wale nzi wanaotaga katika nguo mbichi.

Nne, ni ngozi. Osha kwa maji safi, kausha, paka mafuta mazito kama vaselini kabla ngozi haijachubuka. Ikitoa usaha, nenda kliniki.

Tano, ni kinywa. Piga mswaki mara mbili kwa siku. Mimi niliogopa mswaki kwa sababu ulimletea mate mengi. Lakini mate ya kinywa safi hayanuki, na harufu ndiyo inayowafukuza watu kwanza.

Sita, ni chakula. Mpe uji mzito kidogo kuliko mwepesi, kijiko kidogo, taratibu, akiwa wima, na usimlishe akilia wala akicheka. Akikohoa kila anapokula, macho yakatoa machozi, sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, au akiugua kifua mara kwa mara, mweleze mganga wa kituo maneno hayo hayo. Usiseme tu "ana homa".

Saba, ni dawa. Zipo dawa zinazopunguza mate, kama matone ya atropini au vidonge vya benzheksoli, na hospitali kubwa zinaweza kufanya zaidi ya hapo. Lakini dawa hizo huweza kumfungia mtoto choo na mkojo, na kumzuia kutoa jasho wakati wa joto, na kuyafanya mate yawe mazito kama gundi hata akakabwa. Zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Vile vile, baadhi ya dawa za kifafa, kama klonazepamu, huongeza mate. Ukiona hivyo, usiache dawa ya kifafa ghafla, maana kifafa kitarudi kwa nguvu. Rudi kwa aliyekuandikia, umwambie.

Na hapa niweke onyo. Hayo niliyosema ni kwa mtoto ambaye amekuwa hivyo siku zote. Mtoto mzima aliyeanza ghafla leo kutokwa na mate na hawezi kumeza ni jambo la dharura. Huenda amemeza kitu kimekwama, au koo limevimba, au amekunywa magadi ya kuchomea au dawa ya kunyunyizia mimea. Usimtapishe, usimpe maziwa ya kulazimisha, mkimbize hospitali. Na mtoto aliyeumwa na mbwa asisubiri dalili yoyote. Aoshwe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano, apelekwe kwa chanjo siku ile ile. Mate ya kichaa cha mbwa yakianza kuonekana kwa mtu, tumekwisha kuchelewa.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naomba niseme juu ya shule, kisha nimalize.

Shule ya kwanza niliyompeleka ilinijibu kwa upole. Waliniambia wanafunzi wengine watashindwa kula uji wao. Nilirudi naye nyumbani. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa shule nyingine alisema, "Mlete tujaribu." Alimkalisha mbele, karibu na dirisha, kwenye kile kiti cha baba yake. Siku ya kwanza aliwaambia watoto kwa nini mate yanamtoka, kama nilivyowaambia ninyi leo, na akawaacha waulize. Mtoto mmoja aliuliza kama yanaambukiza. Mwalimu akasema hayaambukizi ulemavu. Mwingine akauliza kama yanauma. Hapo mwalimu akasema, "Muulizeni mwenyewe." Mwanangu alitikisa kichwa kwamba hayaumi. Basi mambo yakaishia hapo. Watoto wawili walijipangia zamu ya kumkumbusha kumeza.

Mwanangu hasemi maneno yaliyo wazi. Lakini mwalimu akiandika hesabu ubaoni na majibu matatu, yeye huonyesha kwa mkono lililo sahihi, na mara nyingi amewatangulia wenzake. Kumbe muda wote ule nyuma ya nyumba alikuwa anahesabu. Huenda alihesabu vitambaa pamoja nami. Mate hutoka mdomoni, hayatoki akilini.

Kwa hiyo nina maombi matatu, nami nayatoa kwa heshima.

Kwa waheshimiwa wa mashirika. Mnapoandika orodha ya wenye mahitaji maalumu, mnauliza: anatembea? anaona? anasikia? Naomba muongeze swali moja: anameza? Na nyumba ambayo jibu ni "kwa shida" ipewe sabuni zaidi ya kipande kimoja, jerikani ya pili, na vipande vya nguo. Vitu hivyo ni vya bei ndogo kuliko kiti cha magurudumu, lakini kwa mama huyo ndivyo vinavyoamua kama mtoto atatoka nje au atafichwa. Na anapokuja siku ya mgao akiwa na mtoto mgongoni, asisimame juani tangu asubuhi.

Kwa Kamati. Naomba mtafute mahali pa kukutana wazazi hawa hata mara moja kwa mwezi, chini ya mti wowote. Sisi Bugembe tulianza mama watatu na Jaja mmoja. Tunashona vitambaa pamoja, tunabadilishana nguo, tunaangaliana watoto ili mwingine aende sokoni. Na jambo ambalo sikulitegemea, akina baba walianza kuja. Mume wangu huwanyoa watoto wote wa kikundi chetu. Ameanza kupata na wateja wengine.

Kwa wazazi wenzangu ambao mmewaacha watoto wenu nyumbani leo, mkisema "atatuaibisha". Siwalaumu, nilikuwa mmoja wenu katika kambi hii hii. Lakini dada yake yule aliyekosa shule kwa kumfuta alirudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, na ile miaka siwezi kumrudishia. Gharama ya kuficha hulipwa na nyumba nzima.

Na kwa majirani, sina ombi la fedha. Mkifika kwenye nyumba yenye mtoto wa namna hii, msimwangalie mama kwa huruma, wala msijifanye hamkuona. Msalimieni mtoto. Mpeni mkono wenu, hata kama wake umelowa. Maji yapo, mtanawa.

Yule Jaja wa Bugembe alifariki. Siku ya mazishi mwanangu alibebwa kwenye kiti chake hadi kaburini, na watu wakampisha apite mbele, kwa kuwa walijua alikuwa rafiki yake. Alilia, na mate yakamchanganyikia na machozi, na mimi sikumfuta hadi alipomaliza. Palikuwa na watu wengi, na sikuona aibu.

Ndugu zangu, nimefika mwisho. Mungu awabariki na kuwalinda, na siku moja aturudishe kwetu kwa amani, sisi na watoto wetu wote bila kumwacha hata mmoja.